Kimeo, Mafindofindo na Kisu

Katika mwambao wa Tanga, kwenye vijiji kama Kigombe, kikohozi cha mtoto kisipokoma huweza kulaumiwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Husemwa kimerefuka, kinalikuna koo, kikatwe. Kikohozi cha mafua huisha chenyewe baada ya wiki mbili tatu, na sifa humwendea mkataji. Kikiwa ni cha nimonia au kifua kikuu, mtoto amepoteza siku za matibabu, tena amebaki na kidonda kinachoweza kuvuja damu au kuingiza pepopunda.

Aliyesoma udaktari huona huo ni ujinga wa kijijini. Historia ya hospitali haimpi haki ya kucheka.

Mwaka 1868 Wilhelm Meyer, daktari wa Copenhagen, alieleza jinsi nyama za nyuma ya pua zinavyomfanya mtoto apumue kwa mdomo na asisikie vizuri. Kuziondoa kuliwasaidia wengi. Kisha kisu kikazoea. Karne ya 20 ilipoingia, watoto wa Ulaya na Marekani walikatwa mafindofindo, zile tezi mbili za pembeni mwa koo, karibu kama desturi.

Ripoti ya mwaka 1934 kutoka New York ilichunguza watoto 1,000 wa shule. 611 walikuwa wameshakatwa. Madaktari wakawapima 389 waliobaki, wakasema 174 wakatwe. Wale 215 walioachwa wakapelekwa kwa madaktari wengine: 99 wakatwe. Wakabaki 116, wakapimwa tena: 51 wakatwe. Mwisho walisalia 65 tu. Kila daktari alichagua karibu nusu ya walio mbele yake, hata wale ambao wenzake walishawaona wazima.

Kilichouzuia mkono wa daktari ni hesabu. Leo huulizwa kwanza: mtoto ameugua koo mara ngapi? Kipimo kinachotumika sana ni mara saba kwa mwaka mmoja, au tano kila mwaka kwa miaka miwili. Au je, anakoroma hadi pumzi inakatika usingizini?

Mkata kimeo hana daftari. Aliyepona humsifu, aliyezikwa harudi kulalamika. Mzazi wa Kigombe anaweza kuanza hesabu mwenyewe: kikohozi kina siku ngapi, homa ipo, mbavu zinabonyea mtoto akivuta pumzi? Majibu hayo ayapeleke zahanati, kimeo akiache mahali pake.