Vifaa vya mtoto: ununue kipi kwanza?

Fedha ikiwa kidogo, anza na chandarua chenye dawa. Nchini Tanzania mjamzito hupewa bure kliniki, na mtoto hupewa anapochanjwa surua akiwa na miezi 9, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kununua. Kichomeke chini ya godoro au mkeka pande zote.

Kwa kumbeba, kanga inatosha. Mfunge magoti yakiwa juu kidogo na mapaja yametanuka, kama chura; nyonga hukaa vizuri hivyo. Pua na mdomo visifunikwe, hata jua likiwa kali.

Chupa ya maziwa iache dukani. Chuchu yake ya mpira ni ngumu kuosha hadi ndani, na uchafu unaobaki huleta kuharisha. Mtoto asiyeweza kunyonya hunyweshwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa kikombe kidogo cha wazi, hata akiwa mchanga.

Kuna na kile kigari cha magurudumu anachosimama ndani yake. Kinapendeza, lakini hakimfundishi kutembea, na humfikisha jikoni kwenye moto kabla hujageuka. Kanada ilipiga marufuku vigari hivyo mwaka 2004. Mkeka, na kigoda kizito cha kushikilia, vinamtosha.