Kirangozi wa Njia ya Bara

Mpagazi aliyethubutu kumtangulia kirangozi njiani alichomolewa mshale mmoja podoni, nao ukawekwa mpaka msafara utue, ili kambini uwe shahidi asiyekanika. Hapo ndipo alipotozwa faini mbele ya wenziwe. Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka pwani mwezi wa Juni 1857 na kuingia Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, Novemba ya mwaka ule ule, aliitaja desturi hii katika kitabu chake na kupita. Lakini mimi kila niikumbukapo husita, kwa kuwa mahali palipo na kosa, na ushahidi, na faini, hapana budi pana kazi yenye adabu zake, wala si kundi la watu waliosukumwa njiani kama mbuzi wa mnadani.

Neno kirangozi ni ndugu wa kiongozi wetu wa leo, ingawa kiongozi wa leo aghalabu hupanda gari la katikati, na wanaomtangulia ni wapiga ving'ora. Kirangozi alikwenda mbele kwa miguu, na mzigo wake begani, mwepesi kidogo kuliko ya wengine, amevaa joho jekundu lililotobolewa katikati lipate kupita shingoni, na kichwani ana ngozi ya mbega au manyoya marefu ya ndege, hata mtu wa nyuma, msafara ukiwa umenyoka kama siafu katika nyasi, aone jinsi njia ilivyopinda. Pamoja naye ilikwenda bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, na mpiga ngoma. Penye njia panda alitupa tawi la mti, au aliburura mguu akapiga mstari mavumbini, kuiziba njia isiyofuatwa. Na alama ile iliwatosha mamia ya watu waliomfuata, wala hapakuhitajiwa mtu wa kusimama pale na kuwaelekeza.

Aghalabu alikuwa Mnyamwezi, na mara nyingi aliyemteua si tajiri mwenye mali bali ni wapagazi wenyewe, waliomjua kuwa amekwisha kwenda na kurudi. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao tangu mapema karne ya 19, kabla matajiri wa Kiarabu na wa Kiswahili hawajatulia katika matembe yao huko Unyanyembe. Na kijana wa kwao ambaye hajaiona bahari alihesabiwa kuwa utu uzima wake haujatimia. Walishuka wakati wa kiangazi, wakajitahidi kurudi kabla mvua hazijawakuta mbali na majembe yao. Mtu alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Wenye kuchukua pembe kubwa walijiona bora kuliko wachukuzi wa nguo na shanga, na majivuno hayo yalikuwa sehemu ya ijara.

Njia yenyewe, ya yapata kilomita 1,200 kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, haikuwa nyika tupu iliyokuwa ikimngoja mgeni aivumbue. Ilivuka Mto Ruvu, ikapanda milima ya Usagara, ikashuka Marenga Mkali, ambako jina peke yake lamwonya msafiri kuwa maji ya huko hayanyweki. Ikaingia Ugogo, ikapita pori la Mgunda Mkali, ikatua Unyanyembe, kisha ikaelekea Mto Malagarasi na Uvinza, ambako watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla msafara wa kwanza wa pwani haujapiga baragumu hapo. Kirangozi aliyestahili jina lake alijua yote hayo: kisima gani hukauka lini, mtemi gani amefariki na nani amerithi, na kwa lugha gani aamkiwe.

Ugogo ndipo maarifa hayo yalipopimwa. Huko kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita: doti kadhaa za nguo za merikani na kaniki na masango ya waya, na majadiliano yaliweza kula siku nyingi, posho ikipungua na tajiri akikereka hemani. Wasafiri wa Kizungu wakaiandika hongo kuwa ni unyang'anyi, na hukumu hiyo imenakiliwa kitabu hata kitabu. Nami naona wamewadhulumu Wagogo, kwani nchi ile ni kavu, visima vyake vilichimbwa na kulindwa na wenyeji kwa jasho lao, na msafara wa watu mia tano ukinywa kisima siku mbili huwaachia wenyewe tope. Hongo ilikuwa bei ya maji.

Mwenye kuzuru Bagamoyo siku hizi pamoja na kundi la watalii husimuliwa kwamba jina la mji latokana na bwaga moyo, kilio cha mateka waliokata tamaa kuona bahari. Sikani kuwa mateka walipita. Walipita, wamefungwa makongwa shingoni, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila 1873, na hata baada ya hapo biashara ile iliendelea kwa siri. Lakini kubwaga ni kitenzi cha mchukuzi: hubwagwa mzigo. Mpagazi aliyetoka Unyanyembe kwa ijara yake, akafika pwani akatua pembe, alikuwa na haki ya kubwaga na moyo pia. Masimulizi ya watembezaji yamemfanya kila aliyechukua pembe kuwa mtumwa, na kwa kumhurumia yamemnyang'anya ufundi wake.

Hata waliobahatika kutajwa walitajwa kwa uvuli wa wengine. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akapelekwa Uhindi, akarudi Unguja akiwa huru, alisafiri na wasafiri wa Kizungu: na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron aliyevuka bara zima. Jumuiya ya wanajiografia ya London ikampa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni, naye akafariki 1885. Yeye hakuwa kirangozi bali mkubwa wa watu; makirangozi waliomtangulia katika safari hizo majina yao yamepotea karibu yote.

Reli iliyoanza Dar es Salaam 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kazi ya kirangozi ikaisha. Ujiji pana nguzo ya ukumbusho wa Stanley na Livingstone kukutana 1871. Tangu 2006 njia hii ya misafara imo katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na vituo vilivyotajwa humo havizidi idadi ya vidole, ilhali misafara ilikuwa na kambi kwa kila siku ya mwendo. Basi wewe msomaji uliye Mpwapwa, Kilimatinde au Kwihara, ikiwa kwenu yupo mzee aliyerithi kwa babu yake majina ya kambi hizo, kisima baada ya kisima, nakusihi ukae naye uyaandike kwa mpango wake, na jina la kirangozi akilijua, uliandike kwanza.