Kifuta Machozi cha Tembo na Fidia ya Mgonjwa

Wakulima wa Meatu, Itilima na Bariadi wanaoishi jirani na Pori la Akiba Maswa na Hifadhi ya Serengeti wanajua serikali imekadiria msiba kwa shilingi ngapi. Tembo akivamia kijiji usiku na kuua mtu, wafiwa hawatafuti wakili. Wanakwenda kwa mtendaji wa kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya anafika kukagua, na fomu zinapanda hadi wizarani. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga viwango: shilingi 1,000,000 kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu, 200,000 kwa jeraha la kupona. Mazao yaliyoliwa yalilipwa kwa ekari, na ekari zilizozidi tano hazikuhesabiwa. Malipo yenyewe hayaitwi fidia. Yanaitwa kifuta jasho na kifuta machozi.

Kwa hiyo mjadala wa kuweka ukomo wa fidia kwa wanaoumizwa na uzembe wa kitabibu, ambao umeitikisa Marekani kwa nusu karne, si mgeni Simiyu. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuhesabiwa watu zaidi ya milioni mbili katika sensa ya 2022, umekwisha kuishi na ukomo wa aina hiyo, pamoja na wema wake na ubaya wake.

Wema wake ni kwamba mjane aliyeuliwa mumewe na tembo haulizwi nani alizembea. Hatakiwi kuthibitisha kuwa askari wa wanyamapori alilala zamu. Madhara yametokea, mkaguzi ameyaona, basi. Ubaya wake ni kwamba kiwango kilichoandikwa mwaka 2011 kilibaki palepale kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga, jembe na ada ya shule ikipanda kila msimu. Kimeongezwa katika miaka ya karibuni, baada ya malalamiko marefu ya wananchi na wabunge wao.

California ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1975, bima za madaktari zilipopanda ghafla, jimbo hilo liliweka ukomo wa dola 250,000 kwa maumivu na mateso, yaani hasara isiyo na risiti. Gharama za matibabu na kipato kilichopotea havikuguswa. Hapakuwekwa kifungu cha kukipandisha kiwango kadiri thamani ya fedha inavyoshuka, na hakikuongezwa hata senti moja mpaka jimbo lilipopitisha mabadiliko mwaka 2022. Texas ilichukua kiwango kama hicho mwaka 2003. Mahakama za juu za Illinois na Florida zilikataa: mwaka 2010 na 2017 zilitamka kwamba ukomo wa namna hiyo unavunja katiba za majimbo yao.

Tanzania haina ukomo wa kisheria kwa kesi za uzembe wa kitabibu. Jaji ndiye anayekadiria fidia ya jumla, yaani ile ya hasara isiyo na risiti. Hata hivyo, kusema kwamba mgonjwa wa Simiyu yuko huru kudai kiasi chochote ni kuisoma sheria bila kuitazama barabara. Anayetaka kuishtaki hospitali ya serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Tangu marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2020, hata shauri dhidi ya halmashauri linamhitaji Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri hilo husikilizwa Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Simiyu imekuwa na maana ya safari ya Shinyanga. Muda wa kudai madhara ni miaka mitatu. Katika muda huo mgonjwa apate faili lake la matibabu, alipe wakili, na ampate daktari wa kusimama mahakamani na kutamka kwamba mwenzake alikosea. Huo ndio ukomo halisi, na haukuwahi kupigiwa kura.

Makosa yanatokea. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishana hatima: aliyepaswa kupasuliwa kichwa alipasuliwa goti, na mwenye tatizo la goti akapasuliwa kichwa. Mmoja alifariki baadaye. Zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ilimpasua kichwa mgonjwa asiyehusika. Ikiwa hospitali kubwa za taifa zimepatwa, hakuna haja ya kuwasingizia wauguzi wa zahanati ya mbali kwamba wao ndio dhaifu.

Wanaotetea ukomo wana hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Uganda iliiamuru wilaya ya Nakaseke kulipa shilingi za Uganda milioni 35 kwa familia ya mama aliyekufa kwa uchungu uliokwama, daktari wa zamu akiwa hayupo. Hukumu ilikuwa ya haki. Lakini fedha za wilaya ni zilezile zinazonunua glavu, damu salama na mafuta ya gari la wagonjwa. Hukumu tatu kubwa zikiiangukia halmashauri moja, mama wa nne anaweza kukosa gari.

Tatizo ni kwamba ukomo wa mtindo wa California ungemwangukia mkulima wa pamba kwa uzito wote. Mahakama za Tanzania zinataka hasara mahususi, yaani ile yenye risiti, itajwe na kuthibitishwa kikamilifu. Mwajiriwa mwenye hati ya mshahara ataweza. Mwanamke wa Itilima anayelima pamba na dengu, anayelea watoto na kuteka maji, hana karatasi ya kuonyesha kazi yake ina thamani gani, na akipata fistula baada ya upasuaji uliokosewa, karibu kila atakachopewa kitatoka kwenye fidia ya jumla. Kukata hapo ni kumkata yeye na kumwacha mwenye mshahara.

Ukomo unaweza kukubalika kwa sharti moja tu: anayepunguziwa kiasi aondolewe mzigo wa kuthibitisha uzembe. New Zealand ilifanya mabadilishano hayo mwaka 1974. Raia waliacha haki ya kushtaki kwa majeraha ya mwili, nao mfuko wa umma ukachukua jukumu la kuwalipa. Tanzania ina mfano wake: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa aliyeumia kazini bila kuuliza kosa lilikuwa la nani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ingeweza kurekebishwa ili sehemu ndogo ya michango itengwe kwa kazi kama hiyo. Uzembe uliokithiri uendelee kufika mahakamani na katika Baraza la Madaktari, na viwango vipandishwe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, jambo ambalo kanuni za 2011 hazikulifanya.

Njia ya kudai ipo tayari vijijini. Fomu ya mgonjwa ianzie palepale inapoanzia ya tembo, kwa mtendaji wa kijiji, na mkaguzi awe daktari kutoka nje ya wilaya, aje na faili la mgonjwa mkononi, atoe nakala yake kwa familia siku hiyohiyo.