Kioo cha Akko na Duka la Midoli

Nianze na neno, maana hapo ndipo Kiswahili kinapotutega. Wajapani wanasema mahō shōjo, yaani binti mwenye uchawi. Sasa ukisema "binti mchawi" mtaani kwetu, watu watakuuliza kamloga nani. Uchawi wetu una ungo na usiku wa manane; wa kwao una nyota, utepe na muziki. Mazingaombwe nayo ni kiinimacho tu. Basi nitasema binti wa ajabu, kama tunavyosema pete ya ajabu kwenye ngano. Na pete si mfano mbaya, kwa sababu mabinti hawa karibu wote wana kitu mkononi. Historia yao naisoma kupitia kitu hicho: ni nini, kimetoka kwa nani, na nani anakiuza.

Wa kwanza alishika upanga. Osamu Tezuka, aliyekulia Takarazuka, mji wenye kundi maarufu la maigizo ambamo wanawake hucheza hata nafasi za wanaume, alianza kuchora Ribon no Kishi mwaka 1953 katika jarida la wasichana la Shōjo Club. Sapphire ni binti wa mfalme katika nchi ambayo mwanamke harithi kiti, hivyo analelewa kama mvulana. Kwa kosa la malaika amezaliwa na mioyo miwili, wa kike na wa kiume. Anapigana vizuri, lakini ushujaa wenyewe umehesabiwa kuwa ni wa ule moyo wa kiume. Tezuka alimpa upanga, ila hakumwachia awe mwenye upanga kabisa.

Mwaka 1966 studio ya Toei ilimleta Sally kwenye televisheni, binti wa ufalme wa kichawi aliyetokana kwa sehemu na tamthilia ya Kimarekani ya Bewitched. Sally hahitaji kifaa, nguvu anazaliwa nazo. Halafu mwaka 1969 akaja Akko, mtoto wa kawaida tu. Kioo chake kinavunjika naye anakizika kwa heshima, na kwa wema huo anapewa kingine kinachomgeuza awe yeyote anayemtaka. Kwenye anime kioo hicho ni kile kidogo cha kukunja, cha poda, cha kubeba mfukoni. Hapo mambo yaligeuka. Ufalme wa Sally huwezi kuuweka kwenye rafu ya duka. Kioo unaweza! Kuanzia hapo muuza midoli akawa na kiti mezani pale hadithi inapotungwa.

Alikaa vibaya wakati mwingine. Katika Minky Momo, iliyoanza mwaka 1982, shujaa anapoteza nguvu zake, kisha katika kipindi cha 46 anagongwa na lori na kufa. Lori lenyewe limebeba midoli. Watazamaji wengi wamekisoma kisa hicho kama kijembe kwa wadhamini, na mimi sioni namna nyingine ya kukisoma. Anazaliwa upya, ndiyo, lakini fikiria mtoto aliyekuwa amekaa mbele ya televisheni na fimbo ya Momo mkononi.

Vita vyenyewe vilikuwa vya wavulana bado. Cutie Honey wa Go Nagai, mwaka 1973, alibadilika na kupigana, ila macho yaliyolengwa yalikuwa ya wavulana, na nguo zikichanika kwa manufaa yao. Gorenger ya mwaka 1975 ilileta kikosi cha watano wenye rangi tano, na mwanamke mmoja tu kati yao, wa pinki bila shaka.

Naoko Takeuchi, aliyesomea ufamasia, alikichukua kikosi hicho akakipindua. Sailor Moon, manga yake katika jarida la Nakayoshi, ikawa anime kuanzia tarehe 7 Machi 1992 na kufikisha vipindi 200. Wapiganaji ni wasichana watupu. Mwanamume yupo, amevaa suti, anarusha ua la waridi, na mara nyingi yeye ndiye wa kuokolewa. Usagi mwenyewe ana miaka 14, analia hovyo, anachelewa shule na anafeli mitihani. Kipaji hana. Ana bruchi, na baadaye fimbo.

Bandai waliuza bruchi, wakauza fimbo, na kila msimu ulikuja na nyingine mpya. Ile sehemu ya kubadilika, utepe ukizunguka na kucha zikipata rangi, ilitumia michoro ileile wiki baada ya wiki. Ilipunguza gharama na ilikuwa tangazo. Wapo wanaosema basi, yote ni biashara. Sikubaliani nao. Tazama vipindi vya 45 na 46, kule Ncha ya Kaskazini: rafiki wanne wanakufa mmoja mmoja, Usagi anabaki peke yake mbele ya Malkia Beryl. Anainua ile fimbo, bidhaa yenyewe ya dukani, na mikono ya waliokufa inatokea na kuishika pamoja naye. Kumbe kitu cha kuuzwa kinaweza kubeba msiba mzima. Toleo la Marekani la mwaka 1995 lilivibana vipindi hivyo viwili kuwa kimoja na kufuta vifo. Fimbo haikufutwa.

Pretty Cure ya mwaka 2004 ilikabidhiwa Daisuke Nishio, aliyewahi kuongoza Dragon Ball Z, na inaonekana: ngumi, mateke, wasichana wanabamizwa ukutani wanainuka. Kifaa wanacho pia, mfano wa simu inayopitishwa kadi, lakini hakifanyi kazi mpaka Nagisa na Honoka wawe pamoja na kushikana mikono. Wakigombana, hakuna shujaa.

Halafu ikaja Madoka Magica, Januari 2011, kwa kalamu ya Gen Urobuchi. Kiumbe mweupe mzuri, Kyubey, anakupa ombi moja lolote; unalipa kwa kupigana. Unapewa kito king'aacho, kama hirizi, na mtazamaji aliyekulia kwenye bruchi za Usagi anaona ni jambo la kawaida. Katika kipindi cha sita Madoka anataka kuzuia ugomvi darajani, ananyakua kito cha rafiki yake Sayaka na kukitupa chini, kikaangukia lori linalopita. Sayaka anaanguka hapohapo, amekufa. Kyubey anaeleza bila hata kupepesa macho: roho yake ndiyo ilikuwa mle ndani, mwili ni chombo tu. Hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakusema.

Homura analifukuza lori na kurudi na kito. Anakiweka kiganjani mwa Sayaka, naye anafumbua macho na kuuliza kuna nini.