Kompyuta Iliyozungumza Kiganda

Shangazi yangu alihudhuria mafunzo ya kompyuta kwa siku mbili tu. Ilikuwa mwaka 2009, kijijini kwetu Kanda ya Ziwa, nami nilikuwa darasa la tano. Mradi mmoja ulileta kompyuta nne na jenereta kwenye ofisi ya kata, ukaita akina mama na vijana waliokosa sekondari. Siku ya kwanza walikaririshwa majina ya vifaa kwa Kiingereza. Siku ya pili wakaambiwa wachape barua ya kuomba kazi. Siku ya tatu Shangazi alikwenda shambani.

Mwezeshaji alisema wanawake wa umri wake hawana mwamko. Shangazi aliniambia, “Baba, niliitwa kujifunza mashine, sikuitwa kufanya mtihani.”

Neno hilo “mwamko” limenifuata hadi kwenye tasnifu yangu ya uzamili. Linatumika kana kwamba kompyuta ilikuwa ikiwasubiri watu wa vijijini miaka yote, wao wakasinzia. Ukweli ni kwamba Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya mitambo ya mwanzo serikalini kugharimu fedha nyingi na kuleta matatizo, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo hata mjini, watu wengi wa rika la Shangazi walikua bila kuigusa.

Vituo vya vijijini vilianza mwishoni mwa muongo huo. UNESCO, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) na IDRC ya Kanada walishirikiana na serikali kadhaa za Afrika kufungua vituo vya mawasiliano vya jamii: simu, faksi, mashine ya kutoa nakala, maktaba ndogo na kompyuta chache, vyote chini ya paa moja. Sengerema ilipata chake mwaka 2001. Lakini kilichonishika zaidi ni kile cha Nakaseke, Uganda, kaskazini mwa Kampala, kilichofunguliwa 1999.

Nakaseke ilikuwa ndani ya Pembetatu ya Luwero, palipopiganwa vita ya msituni katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Tunapowaita watu wa mahali kama hapo “walioachwa nyuma”, ni vizuri kukumbuka kwamba si wao waliochagua kubaki.

Hapo kituoni kilitokea kitu ambacho naona kingestahili sura nzima katika historia ya elimu Afrika Mashariki. Shirika la kutetea wanawake lenye makao New York, International Women's Tribune Centre, likisaidiana na ofisi ya IDRC ya Nairobi, lilitengeneza sidii kwa ajili ya wanawake wa vijijini wasiojua kusoma au wanaosoma kwa shida. Mada yake ilikuwa namna ya kujiongezea kipato. Iliendeshwa kwa picha na sauti: unabofya picha, mashine inazungumza, kwa Kiingereza au Kiganda. Haikuhitaji intaneti. Mwanamke alikuwa na kazi moja tu ya kujifunza, nayo ni kusogeza kipanya na kubofya. Mmoja wa waliojulikana kwa kuitumia alikuwa mkulima mwenye umri wa miaka 70 hivi, ambaye baada ya kujifunza aliwafundisha wenzake.

Sisemi sidii moja ilimaliza umaskini. Anayezungumza lugha nyingine hakufaidika nayo, na mashine haizungumzi umeme ukikatika. Hata hivyo, waliobuni sidii ile waliuliza kwanza mwanafunzi anajua nini tayari. Anajua kusikiliza. Anajua kilimo, mifugo, bei za sokoni. Wakaanzia hapo.

Huku kwetu pia hatukukosa njia. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, tena bure. Kweli, bado ilidai kusoma. Lakini Shangazi alimaliza darasa la saba. Kiswahili anakisoma vizuri kabisa. Miaka mitano baadaye, kompyuta zile nne zikafika kijijini zikiwa na Kiingereza kitupu, na hakuna aliyeona ajabu. (Wakati huohuo wasomi walikuwa wakibishana kama tuiite tarakilishi au ngamizi.)

Simu za mkononi zikaja, na vituo vingi vikapoteza wateja wa simu na faksi waliokuwa wakivilipia gharama. Kompyuta nne za kwetu zilihamishiwa stoo ya kata. Mara ya mwisho nilipochungulia, juu yake palikuwa na magunia ya mbolea.

Shangazi sasa ana simu janja. Hakufundishwa na mtu. Haandiki ujumbe hata siku moja. Anabonyeza alama ya maikrofoni, anasalimia ukoo mzima kwa dakika tatu, kisha anauliza bei ya dagaa Mwanza. Wiki iliyopita nilimtumia sura ya pili ya tasnifu, inayomhusu. Alijibu kwa sauti: “Nisomee, baba. Hicho Kiingereza chako nitakijulia wapi?”