Vikope: lenzi ndogo inayoamua kama kijiji kipewe dawa

Ukisikia kipimo cha picha, haraka unafikiria mashine kubwa ya hospitali. Trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi tunauita vikope, hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 2.5, mwanga wa kutosha na mikono safi. Basi.

Kongwa, mkoani Dodoma, ni kati ya sehemu ambako ugonjwa huu umechunguzwa sana. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwamo Sheila West, wamefanya kazi huko na Watanzania. Utafiti wao wa 1995 ulionyesha kuwa kunawisha watoto uso, pamoja na dawa ya kupaka machoni, kunapunguza trakoma kali. Kwenye wilaya kame kama Kongwa, hata hayo maji ya kunawa si jambo dogo.

Inapimwaje?

Mpimaji anageuza kope la juu la mtoto na kuhesabu vijipele kwa ndani. Vikifika vitano, kila kimoja kisipungue nusu milimita, ni trakoma hai. Ndio utaratibu wa WHO tangu 1987.

Wakifika asilimia 5 ya watoto wa mwaka 1 hadi 9, eneo zima hupewa azithromaisini. Hesabu ikikosewa kwenda chini, watoto wanabaki na bakteria. Maambukizi yakijirudia huacha makovu, kope hujikunja ndani na nywele zake hukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Upofu huja taratibu, miaka mingi baadaye, na huwapata zaidi wanawake kwa sababu ndio wanaokaa na watoto muda mrefu.

Kamera inaingia wapi?

Ugonjwa ukipungua inazuka shida nyingine: mpimaji mpya atajifunzia wapi vijipele ambavyo karibu havionekani tena? Ndiyo maana picha zina thamani. Katika tafiti za Kongwa, kope zimekuwa zikipigwa picha ili mtu mwingine azisome upya. Siku hizi hata kompyuta zinafundishwa kuzisoma.

Kazi yenyewe si rahisi. Mtoto hatulii, na flashi ikigonga unyevu wa kope huacha doa jeupe linaloweza kudhaniwa kijipele. Tena picha huonyesha dalili tu, bakteria wanahitaji maabara. Mkoani Kilimanjaro watafiti wamewahi kutumia hadubini ya leza inayoangalia kovu ndani ya kope bila kukata, ila hicho si kifaa cha kubeba kwenye bodaboda.

Kama bibi yako nyumbani anang'oa nywele za kope kwa kibanio kwa sababu zinamchoma, usisubiri kampeni, mpeleke kituo cha afya. Upasuaji wa kurekebisha kope ni mdogo, hufanywa kwa ganzi, na siku hiyohiyo anarudi nyumbani.