Dopamini na utafunaji wa mairungi

Dopamini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva ubongoni. Wengi huiita kemikali ya raha, jina linalopotosha. Moja ya kazi zake kubwa ni kuuwezesha ubongo kupima iwapo malipo yanastahili jasho. Panya aliyepunguziwa dopamini bado hufurahia chakula kitamu, ila hapandi kizuizi kukifuata. Hula kilicho karibu, hata kiwe kidogo.

Jijini Kampala jambo hili hudhihirika katika mairungi, majani yanayotafunwa na baadhi ya madereva wa usiku na wanafunzi ili wakeshe. Jani bichi lina kathinoni, inayoifanya neva imwage dopamini kwa wingi. Kathinoni hupungua nguvu siku chache tu baada ya jani kuchumwa, ndiyo maana mafungu husafirishwa kwa haraka, yamefungwa kwa majani ya mgomba.

Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sheria ya mwaka 2015 iliyoyapiga marufuku, kwa kuwa akidi ya wabunge haikuthibitishwa. Bunge likapitisha nyingine mwaka huo huo.

Kwa saa chache kazi ya kichwa huonekana nyepesi. Kinachoongezeka ni hamu ya kuendelea, si lazima usahihi: dereva hahisi usingizi, lakini uchovu wake haujaondoka.